Uzito na pumu kwa vijana: ukikosa pumzi, kwanza ijulikane ni ipi kati ya hizi tatu

Kijana anaenda kwa daktari, anaeleza kwamba akipanda ngazi pumzi inakata, usiku anaamka anakohoa, kifua kinabana, na kabla hajamaliza kueleza anaambiwa punguza uzito kwanza hayo mengine yataisha yenyewe. Kijana mwingine mwenye mwili uleule na malalamiko yaleyale anapewa inhela, yaani kile kifaa cha kuvuta dawa ya pumu kwa mdomo, siku hiyohiyo, hajapulizishwa kwenye kipimo chochote, anaitumia mwaka wa kwanza, anaingia wa pili, unafuu hauoni. Wote wawili wamekosewa. Na wamekosewa kwa sababu ileile, kwamba huu uhusiano wa uzito na pumu watu wameufanya kitu cha sentensi moja tu, ukinenepa unapata pumu, ukipungua inaondoka, wakati ukichimba chini unakuta mambo matatu tofauti yamefungwa kwenye furushi moja, na kila moja lina kipimo chake na tiba yake. Naandika hii hasa kwa walio kati ya miaka 18 na 35 hivi, kwa sababu ndo umri ambao wengi wanaongezeka uzito kwa kasi, na ndo umri ambao mtu akisema anakosa pumzi anaonekana anadeka.

Tuanze na pumu yenyewe maana hata hapo watu wanachanganya. Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa, zile zinazogawanyika kutoka kooni kushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kwa mwenye pumu kuta za njia hizo zina uvimbe wa muda mrefu, misuli inayozizunguka inashtuka haraka, ikikutana na vumbi, moshi, hewa ya baridi au mafua inajikaza, ute nao unaongezeka, kwa hiyo hewa inapita kwa shida, hasa wakati wa kuitoa nje, na ndo unasikia ule mluzi kifuani. Kitu cha kushika hapa ni kwamba pumu inapanda na kushuka. Asubuhi umebanwa, mchana uko sawa, wiki hii unahangaika, wiki ijayo unakimbia kama kawaida. Kukosa pumzi kunakokuja kwa kiwango kilekile kila siku, ukifanya kazi ileile, bila mluzi na bila kukohoa, hiyo ni alama inayotakiwa ikufanye uulize mara mbili kama kweli ni pumu. Na sio ugonjwa wa kudharau: Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa nao na vifo vilifika 455,000.

Uzito kwa kawaida unapimwa kwa BMI, yaani kilo zako unazigawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.70 anapata karibu 31.8. Kuanzia 25 wanasema uzito umezidi, kuanzia 30 wanasema ni unene uliopitiliza. Ni kipimo kizuri ukiangalia watu wengi kwa pamoja ila kwa mtu mmoja kinaficha mengi, hakijui kutofautisha misuli na mafuta na wala hakisemi mafuta yamekaa wapi, na kwa mapafu hilo la yamekaa wapi ni kubwa kuliko namba yenyewe. Mafuta ya tumboni na kifuani yana kazi nyingine kabisa tofauti na ya mapajani.

Sasa je, ni kweli uzito unaleta pumu au ni watu wanaoneana tu? Ni kweli. Marekani waliwafuatilia manesi wanawake zaidi ya 85,000, umri miaka 26 mpaka 46, kuanzia 1991 hadi 1995, wote wakati wanaanza hawakuwa na pumu, na waliokuwa na BMI ya 30 na kuendelea walipata pumu mara 2.7 hivi kuliko wale wembamba wa kawaida. Na walioongezeka kilo nyingi tangu walipokuwa na miaka 18 hatari yao nayo ilikuwa imepanda, kwa hiyo hata safari ya kufika kwenye uzito ulionao ina maana yake. Baadaye mwaka 2007 ukatoka uchambuzi uliounganisha tafiti 7 zenye watu zaidi ya 333,000, ukaonyesha kwamba wenye uzito uliozidi na unene kwa pamoja walikuwa na uwezekano wa kuanza pumu mpya uliozidi kwa kama nusu hivi, kadiri uzito ulivyopanda na uwezekano ukapanda, na ilikuwa hivyo kwa wanaume na kwa wanawake.

Lakini tusome vizuri hapa. Mara 2.7 ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Walio wengi kabisa kati ya wale manesi wenye unene hawakupata pumu. Kwa hiyo uzito ni mlango mmojawapo, haumhukumu mtu, na anayemwambia mwenzake "umejiletea mwenyewe" hajui anachosema, maana kuna watu wengi wenye uzito huohuo wanapumua vizuri tu na kuna wembamba wengi wanaolala na inhela chini ya mto.

Halafu kuna swali la nani alianza. Mtu mwenye pumu isiyodhibitiwa anaogopa kukimbia, anakaa benchi wenzake wakicheza, usingizi wake umekatikakatika, na kila akizidiwa anapewa steroidi za vidonge, dawa za kutuliza uvimbe, ambazo zinaongeza hamu ya kula na zinakufanya uhifadhi maji na mafuta. Huyo akinenepa nani wa kulaumiwa? Kuna utafiti wa kusini mwa California uliotoka 2017, watoto 2,171 ambao walipoanza kufuatiliwa wakiwa na miaka kati ya 5 na 8 hakuna aliyekuwa na unene uliopitiliza, na wale waliokuwa na pumu walikuja kunenepa kupita kiasi kwa asilimia kama 51 zaidi ya wenzao. Kilichonigusa zaidi ni kwamba waliokuwa wanatumia dawa ya kufungua kifua walikuwa na hatari ndogo zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba ni dawa ndo iliyowakinga, ila unaendana na mantiki, mtoto anayepumua vizuri anacheza.

Upande wa pili pia una ushahidi wake. Wataalamu wa vinasaba wana ujanja mmoja mzuri, wanaangalia watu waliozaliwa na vinasaba vinavyoelekeza uzito kupanda, kwa sababu vinasaba unazaliwa navyo, pumu haiwezi kuvibadilisha. Mwaka 2014 wakatumia njia hiyo kwa watoto wa Uingereza waliofika miaka saba na nusu, wakakuta waliobeba vinasaba vya uzito mkubwa walikuwa na pumu zaidi. Kwa hiyo mshale unaenda pande zote mbili, uzito unasukuma pumu na pumu inasukuma uzito, na kwa kijana wa miaka 25 aliyekaa na vyote kwa miaka kumi kujua kipi kilitangulia mara nyingi haiwezekani tena na wala hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kujua leo kifua chake kinasumbuliwa na nini.

Na hapo ndo tunaingia ndani ya mwili wenyewe, sehemu ninayoipenda zaidi kwenye habari hii yote.

Kwanza kuna suala la nafasi tu. Chini ya mapafu kuna daiframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ukivuta hewa unashuka ili mapafu yajae. Mafuta yakijaa tumboni yanausukuma juu, na mafuta ya kwenye kifua yanazibebesha mbavu mzigo, kwa hiyo mtu anaishia kupumua huku mapafu yake yakiwa hayajajaa inavyotakiwa hata akiwa amekaa kimya. Vipimo vinaonyesha kwamba mtu mwenye BMI ya 30, hewa inayobaki kwenye mapafu mwisho wa pumzi ya kawaida inakuwa kama robo tatu tu ya ile ya mwenye BMI ya 20, na akiba anayoweza kuitoa zaidi ya hapo imeshuka chini ya nusu. Akilala chali inakuwa mbaya zaidi maana tumbo lote linaegemea juu.

Sasa kwa nini hiyo iwe shida kwa njia za hewa? Kwa sababu njia ndogo za hewa hazina mfupa wala kitu kigumu cha kuzishikilia, zinashikiliwa wazi na tishu za mapafu zinazozizunguka, ni kama hema linalosimama kwa kamba zake, mapafu yakijaa kamba zinavutika na njia zinatanuka, mapafu yakikaa nusu kamba zinalegea na njia zinasinyaa. Na misuli ya njia hizo ina tabia kwamba ikivutwavutwa kila mara na pumzi ndefu inabaki laini, ila ikikaa muda mrefu imejikunja inazoea kuwa fupi na ngumu, ikichokozwa kidogo tu inabana. Sehemu za chini za mapafu zinaweza hata kufunga kabisa mwisho wa kila pumzi. Hii yote inaweza kutokea bila aleji, bila vumbi, bila uvimbe wowote ndani ya njia za hewa, ni uzito tu unafanya kazi yake. Na ndo maana kuna watu wakipewa dawa za uvimbe hazibadilishi kitu, hakukuwa na uvimbe wa kuutibu.

Pili, mafuta ya mwilini sio mzigo uliolala. Ni kiungo kinachofanya kazi, kinatoa homoni na kemikali kwenye damu usiku na mchana. Yakizidi, leptini, homoni ya kuuambia ubongo umeshiba, inapanda, adiponektini ambayo kazi yake mojawapo ni kutuliza uvimbe inashuka, seli za kinga zinajazana kwenye mafuta yenyewe na kuanza kumwaga kemikali za uvimbe kama interlukini 6. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 uliogundua kwamba wenye pumu ambao interlukini 6 yao ilikuwa juu walikuwa wazito zaidi na pumu yao ilikuwa mbaya zaidi, ila sio wote wenye unene walikuwa nayo juu, na hapa narudia tena, watu wawili wenye BMI moja wanaweza kuwa na damu tofauti kabisa. Uvimbe wa aina hii hauna zile seli za aleji kwa wingi kama kwenye pumu ya kawaida, na dawa nyingi za pumu zilitengenezwa zikilenga zile za aleji.

Alafu kuna jambo lililotoka 2019 ambalo lilishangaza hata wataalamu. Watafiti wa Australia walichukua sampuli za mapafu ya watu 52 waliokwishafariki, wengine walikuwa na pumu wengine hawakuwa nayo, wakakata vipande na kuviangalia kwenye hadubini wakakuta mafuta yamejikusanya ndani ya kuta zenyewe za njia za hewa, na kadiri mtu alivyokuwa na BMI kubwa ndivyo mafuta hayo yalivyokuwa mengi, na yaliendana na kuta kuwa nene na seli za uvimbe kuongezeka. Kabla ya hapo watu walikuwa wanafikiria mafuta yanabana mapafu kwa nje au yanatuma kemikali kwa mbali, kumbe yanaweza kuwa yamekaa mlemle ndani.

Sasa yale mambo matatu. La kwanza ni mtu ambaye hana pumu kabisa, anakosa pumzi kwa sababu ya uzito, au kwa sababu mwili hauko fiti, au vyote. Huyu inhela haimsaidii na steroidi zinaweza kumwongezea tatizo. La pili ni mtu aliyekuwa na pumu tangu utotoni, pumu ya aleji, ile ya familia yenye ukurutu na mafua ya kila mara, na uzito ukaja baadaye juu yake. Huyu uzito haukumletea pumu ila umeifanya iwe kali na isisikie dawa vizuri, na kwenye tafiti hili kundi ndo linalozidiwa mara nyingi. La tatu ni mtu ambaye hakuwa na pumu utotoni, ikaja ukubwani pamoja na uzito, mara nyingi ni mwanamke, vipimo vya aleji viko chini, na kwa huyu uzito ni sehemu ya chanzo chenyewe. Suala la jinsia lina undani wake maana utotoni wavulana ndo wana pumu zaidi, baada ya balehe inageuka wasichana wanawapita, na homoni zinaonekana kuwa na mkono hapo. Mipaka ya makundi haya haijachorwa kwa rula, mtu anaweza kuwa na miguu kwenye mawili, lakini ukimtibu wa kwanza kama wa pili umempotezea miaka.

Ndo maana nasisitiza kipimo. Canada walifanya utafiti uliotoka 2008, wakawachukua watu wazima walioambiwa na daktari kwamba wana pumu, wakawapima upya kwa makini, na karibu theluthi moja hawakuwa nayo. Kwa wenye unene ilikuwa asilimia 31.8, kwa wasio na unene 28.7. Angalia hizo namba mbili jinsi zilivyokaribiana. Watu wanadhani ni wanene tu ndo wanabandikwa pumu wasiyo nayo, hapana, kila mtu anabandikwa, kwa sababu watu wengi wanapewa jina la ugonjwa bila kupulizishwa.

Kipimo kikuu kinaitwa spairometri. Unavuta hewa mpaka mwisho, unaipuliza kwa nguvu zako zote kwenye mashine mpaka iishe, wanaangalia umetoa kiasi gani kwa jumla na kiasi gani kimetoka kwenye sekunde ya kwanza. Kwa mwenye pumu iliyobana, ile ya sekunde ya kwanza inakuwa ndogo ukilinganisha na jumla. Kwa aliyebanwa na uzito peke yake mara nyingi vyote viwili vinashuka kidogo kwa pamoja na uwiano unabaki wa kawaida, tofauti ndogo ila inasema mengi. Halafu unapewa dawa ya kufungua kifua, unasubiri kama dakika 15, unapuliza tena, na kama hewa ya sekunde ya kwanza imepanda kwa zaidi ya asilimia 12 na zaidi ya mililita 200 hiyo inaunga mkono pumu. Spairometri ikiwa safi haimaanishi huna, si tulisema pumu inapanda na kushuka, labda umepimwa siku nzuri, hapo wanaweza kukupa kile kifaa kidogo cha kupuliza nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili uandike namba, au hospitali kubwa wakufanyie kipimo cha kuchokoza njia za hewa kwa methakolini, dawa inayozifanya njia nyepesi kushtuka zijikaze. Kabla ya kwenda uliza kama unatakiwa usitumie inhela kwa saa kadhaa, maana ukiitumia asubuhi yake majibu yanaweza kuonekana mazuri kuliko uhalisia.

Na usiache kutaja mambo ambayo unaona hayahusiani. Kiungulia kinachopanda usiku, kukoroma sana na kuamka umechoka kama hukulala, huzuni ya muda mrefu. Asidi ya tumbo ikipanda inaweza kukuletea kikohozi cha usiku kinachofanana kabisa na cha pumu, na pumzi kukatika usingizini ni tatizo linalokwenda na uzito na linaifanya pumu iwe ngumu kudhibitika. Kuna watu waliotibiwa hayo mawili na nusu ya "pumu" yao ikatulia.

Tuje kwenye dawa. Ni kweli kwamba kwa wastani wenye unene wanapata matokeo madogo kutoka kwenye steroidi za kuvuta kuliko wengine, hilo limeonekana kwenye uchambuzi zaidi ya mmoja. Lakini matokeo madogo sio sifuri, na bado dawa ya kuvuta yenye steroidi ndo msingi wa kutibu pumu kwa uzito wowote ule, na tangu 2019 GINA, taasisi ya kimataifa inayotoa miongozo ya pumu, haipendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa ile dawa ya kufungua kifua peke yake, kwa sababu inakupa nafuu ya dakika chache huku uvimbe chini unaendelea. Najua wengi wanaiogopa steroidi ya kuvuta wakisema itawanenepesha. Tuelewane hapa, dozi ya kuvuta inapimwa kwa mikrogramu na inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, vidonge vya kuzidiwa vinapimwa kwa miligramu, mikrogramu elfu moja ndo miligramu moja, na vinazunguka mwili mzima. Anayeacha ya kuvuta kwa kuogopa uzito ndo anayeishia kwenye vidonge kila baada ya miezi michache, na vidonge ndo vinanenepesha. Hili linaniuma kila nikiliona kwa sababu ni mzunguko unaoweza kukatwa mapema sana.

Mazoezi nayo. Kijana mzito mwenye pumu akikimbia kidogo anahema, anaogopa, anaacha, na kila wiki anayoacha mwili unazidi kulegea mpaka hata kutembea kunamhemesha. Kuna njia ya kutofautisha. Kuhema kwa kutokuwa fiti kunakuja wakati uko kwenye zoezi, ukisimama kunapungua ndani ya dakika chache. Pumu ya mazoezi mara nyingi inapamba moto baada ya kusimama, dakika 5 hadi 10 hivi baadaye, na inakuja na mluzi, kukohoa, kifua kubana. Ukiona ya kwanza endelea kidogokidogo, haikuharibu mapafu. Ukiona ya pili usiache mazoezi, zungumza na daktari, kuna namna ya kutumia dawa kabla ya kuanza, na kupasha mwili kwa dakika 10 au 15 kunasaidia wengi. Brazil mwaka 2017 walijaribu kwa watu wazima wenye pumu na unene, wote walikuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito ila kundi moja likaongezewa mazoezi ya kweli kwa miezi mitatu, hilo kundi likapungua uzito zaidi na pumu yao ikadhibitika vizuri zaidi.

Je kupungua uzito kunasaidia pumu? Ndiyo, kwa aliye na pumu kweli kunasaidia, na sio lazima ufike kwenye uzito wa ndoto. Finland mwaka 2000 waliwagawa watu 38 wenye unene na pumu, nusu wakawekwa kwenye mlo wa kalori chache sana chini ya uangalizi kwa wiki 8, wakapungua kwa wastani asilimia 14.5 ya uzito wao, na mapafu yao yakapuliza vizuri zaidi, dalili zikashuka, na faida ikaonekana hata baada ya mwaka. Mlo wa namna ile sio wa kujipangia mwenyewe nyumbani. Utafiti wa Australia uliotoka 2013 ndo unanipa moyo zaidi kwa sababu uko karibu na maisha ya watu, kupungua asilimia 5 hadi 10 kulitosha kuboresha udhibiti wa pumu kwa asilimia 58 ya waliofikia hapo na ubora wa maisha kwa asilimia 83. Kwa yule wetu wa kilo 92 hiyo ni kilo 4.6 mpaka 9.2. Bado BMI yake inaweza kuwa karibu na 30, bado nguo zake zinaweza kuwa zilezile, ila usiku analala.

Kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito kuna utafiti mdogo wa Marekani, watu 23 wenye pumu, ulitoka 2011, ambao ulionyesha kitu kinachorudi kwenye yale makundi: baada ya kupungua, ile hali ya njia za hewa kushtukashtuka ilipoa hasa kwa wale ambao kingamwili zao za aleji zilikuwa chini, yaani kundi la tatu, ambao pumu yao ilikuja na uzito. Wenye aleji walipata nafuu ya dalili lakini njia zao za hewa ziliendelea kushtuka. Kwa hiyo ukiwa kundi la pili jiandae kwamba kupungua kutakupa mengi ila pumu yako inaweza kubaki pale, na hiyo haimaanishi umeshindwa.

Nigusie kidogo na wembamba. Utafiti mmoja wa China wa 2001 ulikuta pumu iko zaidi kwenye ncha zote mbili, kwa wenye BMI ya juu na kwa wenye BMI ya chini sana. Kijana mwembamba anayekohoa usiku naye apimwe, asiambiwe anahitaji kula tu.

Ukishaanza kupungua na kifua kimefunguka usiiache dawa siku hiyo uliyojisikia vizuri. Kawaida wanataka pumu iwe imetulia kwa miezi kama mitatu ndo dozi ishushwe hatua moja, wakuangalie, ndo ishushwe nyingine, na ukiweza spairometri irudiwe kwenye uzito mpya ulinganishe na ile ya mwanzo. Na wakati wowote, uwe na kilo 50 au 150, ukifika mahali huwezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, midomo inageuka rangi, au ile dawa ya kufungua kifua umepuliza na haishiki tena, hapo habari ya uzito weka pembeni, nenda hospitali saa hiyohiyo.